Sabuni Iliyokataa Maji

Sabuni yangu iliganda saa nne asubuhi, uani kwangu Koboko, nikiwa na utelezi mpaka viwikoni. Jambo la kwanza lililonijia halikuwa kujiuliza nimekosea wapi. Nilijiambia: wifi ameniweza.

Wifi yangu ni mke wa kaka yangu, fundi wa pikipiki kule Arua. Wazazi wake walivuka kutoka Kongo yeye angali mdogo, wakafanya biashara ya vitenge, na yeye akakulia sokoni. Sisi ni Wanubi. Babu zetu waliingia huku wakiwa askari kutoka Sudan, na mama yangu huliona jambo hilo kama hati ya shamba. Wifi alisilimu kabla ya ndoa, na mwezi wa Ramadhani anafunga kuliko baadhi yetu tuliozaliwa Waislamu. Hata hivyo mama hakumkubali. Kila akitaja jina lake alishusha sauti kidogo, kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala.

Kazi ya sabuni ya maji aliianzisha wifi. Alikuwa akichanganya nyumbani kwao Oli, mtaa wa Arua, akijaza madumu ya njano na kuyaleta Koboko kwa gari, nami nikiuza. Wateja wangu walikuwa hoteli mbili, zahanati, waosha pikipiki na shule moja ya sekondari. Tulikwenda hivyo miaka mitatu bila kugombana. Halafu mama akaja kukaa kwangu, akaona madumu, akauliza swali ambalo mimi sikuwahi kuuliza.

"Kwa nini anachanganya yeye peke yake?"

"Ndiye anayejua, mama."

"Na wewe huna mikono? Siku akikosana na kaka yako, utauza nini?"

Nilicheka, lakini swali lilibaki ndani yangu. Wiki ile ile nilimpigia wifi simu nikamwomba anifundishe. Naye akacheka. "Kuja Arua, dada, nitakuonyesha. Hii kazi si ya kusema kwa simu."

Kabla mama hajauliza swali lake, ningelisikia jibu hilo kama mwaliko. Sasa nililisikia kama mlango unaofungwa polepole. Nikamwambia sina nafasi ya kuja. Anitumie tu ile dawa ya povu inayochanganywa na maji, nitachanganya mwenyewe. Alinyamaza muda mrefu hata nikadhani simu imekatika.

"Sawa," akasema hatimaye. "Nitatuma ndoo. Lakini sikiliza. Maji na dawa, unaweka polepole. Polepole sana. Usi—" Hapo mtandao ukapotea kweli. Sikupiga tena. Nilikuwa nimesikia ya kutosha.

Ndoo ilifika siku ya tatu. Niliikagua kabla ya kuifungua, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa mzigo wowote uliotoka kwake. Utepe uliozungushwa kwenye kifuniko ulikuwa umebandikwa mara mbili. Chini ya utepe mpya palikuwa na mabaki ya ule wa zamani, umechanika. Nikamwita mama aone. Aliguna tu.

Ndani ilikuwamo dawa yenyewe: nyeupe, nzito, yenye kung'aa kidogo kama upande wa ndani wa kombe la baharini. Ukiiinua kwa mwiko ilishuka taratibu kama uji mzito uliopoa. Nilipima maji jagi moja nikayamimina juu yake polepole, sawasawa na maneno ya simu, nikaanza kukoroga. Nilitarajia ilainike. Kila mtu anajua kwamba kitu kizito ukikitia maji kinakuwa chepesi.

Ikawa nzito zaidi.

Nikaongeza jagi la pili. Mwiko ukaanza kukwama. Dawa iligeuka kuwa kitu kisichotiririka tena, kinachopitisha mwanga kidogo, kigumu kama mafuta ya kujipaka siku ya baridi, kikijikata mapandemapande na kukataa kuungana na maji yaliyokuwa yakielea pembeni. Nilikoroga mpaka bega likauma. Mwishowe niliuachia mwiko, nao ukabaki umesimama wima katikati ya ndoo.

Mama aliinama, akachomoa kipande, akakisugua kati ya vidole viwili. "Muhogo," akasema.

"Nini?"

"Wanga wa muhogo. Kile tulichokuwa tukitilia kola za baba yako zisimame. Kitu gani kingine ukikitia maji kinakaza? Amekuchanganyia muhogo ili ushindwe, urudi kwake."

Maneno yake yaliingia mahali palipokuwa tayari wazi. Utepe uliobandikwa mara mbili, ule ukimya wa kwenye simu, "si ya kusema kwa simu": kila kimoja kilisogea kikakaa jirani ya mwenzake, nami nikaona picha nzima. Nilijihisi mwerevu. Hilo ndilo ninaloliona aibu zaidi nikikumbuka, kwamba katikati ya hasara ile nilifurahi kidogo kwa kugundua.

Sikumwuliza wifi. Nilimtafuta dereva aliyeleta ndoo, nikamkuta kwenye kituo cha magari akinywa chai.

"Yule mama wa Oli," nikamwambia, "aliifungua ndoo mbele yako?"

Dereva alinitazama juu ya kikombe. "Mama, mimi nabeba mizigo. Kufungua si kazi yangu."

"Lakini ulimwona?"

"Nilimwona na ndoo. Ndoo ilikuwa yake." Akarudi kwenye chai yake. Hata ufupi wa jibu lake niliuhesabu kuwa ushahidi.

Nilidhani nitalitunza neno hilo mpaka nipate uhakika, lakini nilikuwa nimelitunza nyumba moja na mama. Jioni hiyo hiyo alimpigia kaka. Kaka akamwuliza mkewe, na ninavyomjua kaka yangu, hakuuliza kwa upole. Wifi hakujitetea kwa neno hata moja. Alimbeba mtoto wao mdogo akaenda kwa wazazi wake Onduparaka, nje kidogo ya Arua, na nilipompigia simu kwa mara ya kwanza hakupokea. Mara ya pili simu ilikuwa imezimwa.

"Unaona?" mama akasema. "Mtu asiye na kosa hazimi simu."

Wateja hawakungoja ugomvi wetu uishe. Hoteli moja ilishaanza kununua kwingine. Basi siku ya soko nilipanda gari kwenda Arua, nikaingia dukani kule kule ambako wifi alikuwa akinunua. Nilitaka kuona kwa macho yangu. Mwenye duka, mtu mnene mwenye adabu, alifungua pipa jipya mbele yangu, akachota. Nilifuata kila mwendo wa mkono wake. Nilitazama ndani ya kibeseni cha kubebea kabla hajamimina. Niliomba aninusishe.

"Mama unatafuta nini?" akauliza.

"Natafuta dawa ya povu."

"Ndiyo hii."

"Tutaona."

Nilikibeba kile kibeseni mapajani njia nzima ya kurudi Koboko. Sikumruhusu kondakta akiweke nyuma. Nilipofika nilinawa mikono, nikatenga dawa kidogo pembeni, nikapima maji, nikamimina polepole. Ikaganda, vilevile kabisa.

Mtu mwenye akili timamu angeanza hapo kumsafisha wifi. Mimi nilikaa kwenye kigoda, nikatazama kile kitu kilichokaza, na kabla moyo haujatulia nilikuwa na jibu jingine: wameungana. Wifi na mwenye duka. Ndiyo sababu alikuwa akinunua kwake tu. Alishamwambia, atakapokuja mwanamke wa Koboko mpe pipa lile. Ilhali nililiona pipa likivunjwa lakiri mbele yangu. Shaka ikishapata mahali pa kulala, inajilisha yenyewe.

Aliyenikwamua alikuja kwa shida zake. Mwalimu wa kemia wa ile sekondari, mwanamke kijana anayeendesha pikipiki yake mwenyewe, alisimama kwenye kizingiti changu mchana mmoja kuuliza kwa nini shule yake haijapata sabuni wiki mbili. Nilikuwa na hasira nikamweleza yote, na muhogo na wifi na mwenye duka. Alisikiliza akiwa ameshika kofia yake ya pikipiki kifuani.

"Ulitia maji ndani ya dawa," akasema, "au dawa ndani ya maji?"

"Inatofautiana nini?"

Alisema nilete vipande vya sabuni ya ile ndoo shuleni kesho yake, saa ya mapumziko, na kidogo cha dawa ambayo haijaguswa na maji. Nilikubali, ingawa nilipokuwa nikifunga kile kifurushi niliwaza kwamba labda na yeye anataka kujua siri ya kazi ili aanze ya kwake.

Maabara yao ni chumba kimoja chenye meza ndefu mbili na madirisha yasiyofunga. Alianza na muhogo. Alikuwa na kipande kibichi, akakidondoshea tone la dawa ya kahawia, ileile ya aidini tunayopaka vidonda. Pale pale pakawa na rangi ya buluu iliyokaribia weusi. Kisha akadondoshea sabuni yangu. Tone lilitanda likabaki kahawia. Tukangoja. Likabaki kahawia.

"Hakuna wanga humu," akasema.

"Labda ni kidogo sana."

Alitia chembe ya unga wa muhogo, kiasi cha kubana kwa kucha, kwenye kipande kingine cha ile sabuni ngumu, akaikanda, akadondosha tena. Vidoa vya buluu vikatokea. "Ungekuwemo, tungeuona."

Bado sikusadiki. Nadhani aliliona hilo usoni mwangu, kwa sababu alifungua kompyuta yake ya mapajani, akaacha kioo kikawa cheupe kitupu, akavua miwani yake ya jua. Alininyoshea miwani. "Tazama kioo kupitia hapa. Sasa izungushe."

Niliizungusha. Kioo cheupe kikafifia, kikafifia, kikawa cheusi kabisa. Nikaitoa miwani, kioo kilikuwa cheupe kama awali. Nilijua kuna mchezo na nikamwambia hivyo.

"Si mchezo. Mwanga wa kioo hiki umenyooshwa upande mmoja, na miwani hii hupitisha upande mmoja tu. Zikipishana, huoni kitu. Sasa tazama."

Alitandaza kidogo cha sabuni ngumu kati ya vipande viwili vya kioo, akakishika mbele ya kompyuta huku mimi nikiwa bado nimeshikilia miwani ile pale penye giza. Katikati ya ule weusi, sabuni ikawaka. Sijui namna nyingine ya kulisema. Iliwaka nyeupe, na penye mikunjo palikuwa na njano na urujuani, mistari mistari kama manyoya ya njiwa shingoni. Akaweka maji matupu: giza. Akaweka tone la sabuni ya kawaida, iliyobaki katika dumu la mwisho la wifi: giza. Akaweka dawa mbichi isiyotiwa maji: ikawaka pia, kwa namna yake, madoadoa.

"Kinachowaka kimejipanga," akasema. "Maji hayakujipanga, yanakwenda ovyo. Hii imejipanga. Ndiyo maana inaupinda mwanga."

Akachora ubaoni. Kila chembe ya dawa ya povu, alisema, ina kichwa na mkia. Kichwa kinapenda maji, mkia unayakimbia. Zikiwa chache ndani ya maji mengi, hukusanyika duara, mikia ndani, vichwa nje, vijibonge vidogo sana vinavyoelea huru. Hiyo ndiyo sabuni nyepesi tunayoijua. Lakini maji yakiwa machache vijibonge hukosa nafasi. Hurefuka vikawa kama vijiti, na vijiti hulala sambamba, vikibanana kama mabua ya mtama yaliyofungwa tita. Tita haliteremki kwenye mwiko. Ukiyapunguza maji zaidi, vijiti huungana kuwa shuka bapa, moja juu ya nyingine, kama chapati kwenye sahani. Na chapati huteleza moja juu ya nyingine.

"Dawa uliyonunua iko hivi," akagonga ubao penye chapati. "Ndiyo maana inamiminika, japo polepole. Ulipotia jagi moja, ukaitoa kwenye chapati ukaiingiza kwenye mabua. Jagi la pili likakuacha palepale. Hakuna aliyekuharibia. Zinajipanga zenyewe, kila mara, kwa mtu yeyote. Vitabu huita fuwele kioevu, kitu chenye majimaji lakini kina mpango ndani yake kama punje ya chumvi."

"Sasa mtu anafanyaje?"

"Anaanza na maji. Maji mengi, pipa zima. Dawa ndiyo inayoingia polepole, kidogo kidogo, ipite kwenye mabua haraka bila kukwama."

Maji na dawa, unaweka polepole. Nilikaa kwenye kiti cha mwanafunzi. Wifi alikuwa amenifundisha. Katika sentensi moja, kwa Kiswahili chake cha sokoni, wifi alikuwa ameniambia yote, na nilichotakiwa kufanya ni kupiga simu tena kuuliza kipi kinatangulia.

Mwalimu alitumbukiza kipande changu kigumu katika bilauri kubwa ya maji na kukiacha. Kengele ililia akaenda kufundisha. Nilibaki pale nikikitazama, bado nikitafuta, lazima niseme ukweli, mahali ambapo angeweza kuwa amenidanganya. Kilinyong'onyea pembeni kwanza, nyuzi nyuzi zikajivuta kutoka kwake kama moshi, na aliporudi baada ya vipindi viwili palikuwa na maji safi yenye povu juu.

Nilimweleza mama jioni. Alisikiliza mpaka mwisho. "Na utepe?" akauliza.

Nikasema utepe nitakwenda kumwuliza wifi mwenyewe.

Nilikwenda Onduparaka siku ya mechi ya timu yao ya mpira, jambo ambalo sikulipanga vizuri, kwa sababu njia nzima ilijaa watu wenye jezi na mavuvuzela. Wifi nilimkuta uani kwa wazazi wake akianika nguo. Aliniona, akaendelea kuanika mpaka beseni likaisha. Kisha akaleta viti viwili, akaviweka mbali kidogo kuliko kawaida.

"Salaam aleikum, wifi," nikasema.

"Waaleikum salaam." Siku zote alikuwa akiniita dada. Hakuniita chochote.

Nilieleza. Nilieleza vibaya, nikianzia mwalimu, kana kwamba kosa lilikuwa la kemia. Alininyoshea mkono ninyamaze.

"Mimi nilijua siku ya kwanza," akasema. "Ile dereva unauliza, ni mutu ya kwetu. Alikuja moja kwa moja kuniambia: wifi yako anauliza kama ulifungua ndoo."

"Kwa nini hukunipigia?"

"Niseme nini? Mutu akiuliza dereva, hataki kuuliza mimi."

Uwanjani watu walipiga kelele, bao au karibu na bao. Tulingoja zipungue.

"Na ndoo nilifungua," akasema.

Nilimtazama. Moyo wangu uliruka, na nakiri kwamba uliruka kwa matumaini. Kuna sehemu yangu ambayo bado ilitaka kuwa na haki.

"Nilitoa kikombe moja. Ya kufua nguo za mtoto, kule Oli sabuni ilikuwa imeisha. Nikafunga tena. Hiyo ndiyo wizi yangu. Ungeuliza, ningesema. Kikombe moja, wifi. Miaka tatu nachanganya, nabeba, natuma, na mama yako anasema mimi natia muhogo."

Nilimwomba msamaha, bila mwalimu na bila kemia. Nilimwambia nilimshuku kwa sababu ilikuwa rahisi. Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, akajifuta kwa ncha ya kitenge. Hakusema amenisamehe. Alisema atarudi Oli kaka yangu akija mwenyewe kumchukua, mchana, watu wakiona, na nikasema nitahakikisha.

Kaka alikwenda. Ilimchukua siku nne kushuka kwenye kiburi chake, lakini alikwenda. Mama naye alipelekewa habari na mimi na kaka kwa pamoja, akasema vizuri, vizuri, na mwezi uliofuata alimtumia wifi kipande cha kitambaa kupitia kwangu. Mpaka leo mama akishika dumu huliinua kwenye jua, akatazama ndani kabla ya kuliweka chini.

Sasa ninachanganya mwenyewe. Pipa linajaa maji kwanza, dawa inaingia kijiko kwa kijiko, na bado kila mara, kwa dakika chache, naona vile vipande vigumu vikizunguka majini na siondoki penye pipa mpaka viyeyuke. Wifi ana wateja wake Arua, nami nina wangu. Kununua tunanunua pamoja. Hilo alilitaka yeye, ili kila mmoja wetu aone kinachochotwa. Nashuka Arua mara moja kwa mwezi, tunakutana mbele ya duka, tunaingia wote.

Mara ya mwisho yule mwenye duka, akifungua pipa, alituangalia mmoja baada ya mwingine. "Siku hizi mnakuja wawili," akasema. "Hamniamini?"

Wifi alikuwa amekwisha kuinama juu ya pipa kutazama. "Wewe tunakuamini," akasema bila kuinua kichwa. "Chota tu."